Punje Inayotunza Hesabu ya Mionzi

Wengi wetu tumekwisha pigwa picha ya eksirei, au tumempeleka mtoto aliyevunjika mkono. Mionzi ya eksirei haionekani wala haina harufu. Picha moja haina hatari kubwa kwa mgonjwa. Lakini mtumishi anayepiga picha hizo hukaa karibu na mionzi mwaka mzima, na ikizidi mwilini huweza kuleta saratani.

Röntgen aligundua eksirei huko Ujerumani mwaka 1895. Baadhi ya watumishi wa mwanzo waliungua mikono, wakakatwa vidole, wengine wakafa. Hawakuwa na njia ya kujua wamepata mionzi kiasi gani.

Je, siku hizi tunajuaje?

Mtazame mtumishi wa eksirei kifuani. Amevaa beji ndogo. Ndani ya beji nyingi za namna hiyo mna kipande kidogo cha lithiamu floraidi, kitu cha ukoo mmoja na chumvi tunayokula. Chembe zake zimejipanga safu kwa safu kama matofali. Kitu cha namna hiyo huitwa fuwele.

Fuwele safi kabisa haifai kwa kazi hii. Kwa hiyo huchanganywa na magnesiamu na titani kidogo sana. Katika sehemu milioni 1, magnesiamu ni kama sehemu 200 tu. Vitu hivi vigeni huvuruga safu, na hapo panakuwa na mitego midogo.

Tuchukue mfano wa mwembe. Upepo ukivuma, maembe hukatika. Mengi huanguka chini, lakini machache hukwama penye panda za matawi. Kesho yake ukiutikisa mti, yale yaliyokwama yanaanguka, nawe unasikia mshindo. Upepo ukiwa mkali zaidi, yaliyokwama huwa mengi zaidi.

Ndivyo ilivyo katika fuwele. Mionzi ni upepo. Maembe ni elektroni, yaani chembe ndogo mno. Zikinaswa mitegoni hukaa humo kwa miezi. Kutikisa ni kupasha moto hadi kupita digrii 200 za sentigredi. Elektroni hutoka mitegoni, na fuwele hutoa mwanga hafifu. Mashine huupima mwanga huo. Mwanga mwingi maana yake mionzi mingi. Baadaye fuwele huchomwa tena ili mitego ibaki mitupu, halafu hurudi kazini.

Kipimo cha mionzi mwilini huitwa milisivati. Mtumishi hatakiwi kupita wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Hapa Tanzania, usalama wa mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Tukumbuke jambo moja: beji haizuii mionzi. Inahesabu tu. Mtumishi akiiacha kwenye droo, itatoa habari za droo, siyo za mwili wake. Kama mwanao au ndugu yako anafanya kazi hiyo, mwulize: "Beji yako iko wapi?"

Sisi wengine tufanye haya:

1. Tusome alama mlangoni. Alama ya mionzi ina mapanga matatu meusi juu ya rangi ya manjano. Tusiingie bila kuitwa.
2. Mama mwenye mimba amwambie mtumishi kabla ya picha.
3. Ukitakiwa kumshika mtoto, omba aproni ya risasi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini fuwele safi haifai?
2. Katika mfano wa mwembe, mshindo ni nini?
3. Beji iliyoachwa kwenye droo ina hasara gani?