Maradhi ya Ughaibuni na Dawa ya Miadi

Katika mwaka wa 1688, tabibu kijana wa Uswisi aitwaye Johannes Hofer aliandika risala, katika chuo kikuu cha Basel, juu ya maradhi yanayompata mtu aliye mbali na ahali zake na masahibu wa utotoni. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza ni mwanafunzi wa Bern aliyekuwa akisoma papo hapo Basel, wala hakuvuka bahari: homa haimwachi, moyo wamhangaika, hata watu wakawa wanamwombea dua kama mtu wa kufa. Alipochukuliwa kurudishwa kwao, alianza kuvuta pumzi vyema baada ya mwendo mchache tu, na alipowasili Bern alikuwa mzima.

Lipasalo kuzingatiwa ni kwamba kijana yule alipata nafuu kabla hajamwona hata mmoja wa jamaa zake. Yakini ya kuonana ilitosha.

John Bowlby, mwanazuoni Mwingereza wa elimu ya nafsi, alifundisha kwamba tangu uchanga nafsi hushikamana na watu wachache mahsusi, nayo ikitengwa nao huwatafuta. Ndiyo sababu mgeni katika mji wa watu hugeuka ghafla asikiapo kicheko kinachofanana na cha rafikiye, ilhali ajua fika kwamba rafiki huyo yuko Tanga. Harufu ndiyo yenye kushtua zaidi, kwa kuwa haipitii kwanza kile kituo cha ubongo kipokeacho sauti na sura, bali hufika moja kwa moja penye kumbukumbu na hisia. Aghalabu karafuu ya pilau iliyonukia ngazini mwa jumba la London humliza mtu mzima ambaye picha za simuni hazikumtoa hata chozi.

Hali huwa nzito pale njia ya kurejea inapozibwa. Seyyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaja kuitwa Emily Ruete huko Ujerumani, alifiwa na mumewe mwaka 1870 akabaki na watoto wadogo, na alipofika Unguja mwaka 1885 kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea. Alifariki Jena mwaka 1924, na katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya kwao.

Kwa hiyo, nionavyo mimi, aliye ughaibuni asiridhike na salamu za kubahatisha. Na afunge miadi ya siku na saa maalumu ya kuzungumza na wenziwe, na ya safari pia, ijapokuwa ni ya miaka miwili ijayo. Usingizi na hamu ya chakula vikimpotea kwa majuma mawili mfululizo, huo si upweke wa kawaida tena, amwone daktari. Nanyi mliobaki nyumbani, tafadhalini msingoje harusi, msiba au haja ya fedha ndipo mpige simu.