Kutoka Jani Hadi Mseto

Nyumba nyingi za Tanga na Mombasa hazikosi mwarobaini uani. Jina lenyewe linajieleza: mti wa maradhi arobaini, na homa ni mojawapo. Majani huchemshwa mpaka maji yawe shubiri. Mgonjwa hufunikwa blanketi akajifukiza, kisha akapewa kikombe anywe. Magharibi ikiingia, kivumbasi hutiwa kwenye makaa ili moshi wake ufukuze mbu.

Desturi hiyo si ya kubezwa, kwani dawa kubwa za malaria zimetoka kwenye mimea. Kwinini ilitengwa mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou, kutoka gome la msinkona wa milima ya Andes. Wajerumani waliupanda mti huo hata Amani, kule Usambara.

Kisha ikaja zamu ya Artemisia annua, mmea wa jamii ya pakanga. Mtafiti wa China, Tu Youyou, aliujaribu ukamtatanisha: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Jibu alilipata katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha miaka 1,600 hivi iliyopita. Tabibu huyo hakuagiza jani lichemshwe. Aliagiza lilowekwe katika maji, likamuliwe, maji yake yanywewe. Tu akatambua kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Mwaka 1971 akaikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na vimelea wa malaria wakafa. Mwaka 2015 alitunukiwa Nobeli.

Hapo ndipo sufuria zetu zinapokwama. Mwenye kuchemsha majani ya artemisia hajui dawa iliyobaki ni kiasi gani, na hiyo iliyobaki huisha mwilini baada ya saa chache. Kwa hiyo kikombe cha asubuhi hakimkingi mtu na mbu wa usiku. Dawa ya mseto, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2006, ina viambato viwili: kimoja, kitokanacho na artemisia, huangusha vimelea wengi upesi, cha pili hukaa siku kadhaa kikimaliza masalia. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu.

Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia kama kinga wala tiba. Dozi hafifu huweza kuwazoesha vimelea dawa, na tayari usugu umethibitishwa Rwanda na Uganda. Mwarobaini nao haujathibitishwa kutibu malaria kwa binadamu.

Mzazi, chandarua kitundike kila usiku. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya akapimwe siku hiyo hiyo, usisubiri kikombe cha pili.