Karama za Roho (3): Wanenaji Wengi, Mfasiri Hayupo

Mwanzoni mwa mwaka 1907, Alfred Garr na mkewe Lillian waliwasili Calcutta, India, wakiwa na hakika ambayo mmisionari yeyote wa zama zile angeionea wivu. Waliamini kwamba lugha za India wamekwisha kupewa. Hawakukaa na mwalimu wala hawakufungua kamusi. Kwa imani yao, Kibengali kilimshukia Alfred akiwa katika maombi huko Los Angeles, miezi michache kabla ya safari. Kilichobaki ni kufungua kinywa na kuhubiri. Wakafungua, na wenyeji hawakuambulia kitu.

Msomaji aliyefuata sehemu mbili zilizotangulia atakumbuka zile karama tisa ambazo Paulo anazitaja katika 1 Wakorintho 12. Leo tunaichukua moja tu, kunena kwa lugha, kwa kuwa ndiyo inayozua ubishi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayowafanya majirani wa makanisa yetu wafunge madirisha usiku wa mkesha.

Garr hakujitungia fundisho lake. Lilitoka kwa Charles Parham, mhubiri aliyekuwa na shule ndogo ya Biblia mjini Topeka, Kansas. Siku ya kwanza ya mwaka 1901 mwanafunzi wake, Agnes Ozman, aliwekewa mikono, akaanza kutamka maneno ambayo waliokuwapo walisema ni Kichina. Parham akatoa mahitimisho mawili. Kwanza, kunena kwa lugha ndiyo alama ya kwamba mtu amebatizwa kwa Roho Mtakatifu. Pili, lugha hizo ni lugha za mataifa yanayojulikana, na Mungu anazigawa ili Injili ienee upesi kabla Kristo hajarudi. Hakusema hayo bila msingi: katika Matendo 2, wageni waliojaa Yerusalemu walisikia, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Mwanafunzi wake mwingine ndiye aliyeubeba moto huo mbali zaidi. William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa Louisiana, alimsikiliza Parham mjini Houston akiwa nje ya chumba cha darasa, maana ubaguzi wa Texas haukumruhusu mtu mweusi kukaa pamoja na weupe. Aprili 1906 akafungua ibada huko Los Angeles, katika jengo chakavu la Azusa Street lililowahi kuwa kanisa, kisha likageuzwa zizi na ghala. Watu walisali hapo asubuhi, mchana na usiku kwa takriban miaka mitatu. Gazeti moja kubwa la mjini liliwakejeli Aprili 18, siku ile ile tetemeko la ardhi lilipoibomoa San Francisco, na waumini hawakukosa kuliona hilo kuwa neno kutoka juu.

Oktoba mwaka huo Parham alikwenda kukagua kazi ya mwanafunzi wake. Kilichomkera hakikuwa kelele peke yake. Alichukizwa kuwaona weusi na weupe wakipiga magoti bega kwa bega. Mtu aliyetufundisha alama ya kujazwa Roho alishindwa kusali kando ya mtu mweusi! Seymour mwenyewe, miaka ilivyosonga, alizidi kusisitiza upendo na kupunguza uzito aliokuwa ameuweka kwenye lugha, na si vigumu kuona kilichomfikisha hapo.

Garr, kwa upande wake, hakufunga virago. Alibaki India kwa muda akiwahudumia hasa wamisionari wenzake, waliomwelewa kwa Kiingereza, na Oktoba 1907 akavuka hadi Hong Kong. Huko alihubiri kupitia mkalimani. Hakuacha kuamini kwamba kunena ni ishara ya ubatizo wa Roho, ila lile tumaini la kuhubiri bila kujifunza lugha alilitupa. Wenzake wengi waliotoka Azusa Street kwenda ng'ambo walifika hapo hapo kwa njia hiyo hiyo ngumu. Waliodumu katika umisheni walikaa chini, wakajifunza.

Zaidi ya nusu karne baadaye, wasomi nao waliingia katika mjadala huu. William Samarin, mwanaisimu wa Toronto aliyewahi kufanya kazi ya misheni Afrika ya Kati na kuitafiti lugha ya Kisango, alikusanya sauti za wanenaji na kutoa kitabu chake mwaka 1972. Alikuta kwamba matamshi hayo hayana sarufi, na kwamba silabi zake huchotwa katika lugha ambazo mnenaji anazijua tayari. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiongozwa na Andrew Newberg, walipima ubongo wa wanawake watano wakinena, wakalinganisha na hali yao wakiimba nyimbo za ibada. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujitawala, ilipunguza kazi wakati wa kunena. Wanawake watano ni wachache mno kujengea nadharia. Hata hivyo, matokeo hayo yanapatana na wanachosimulia wanenaji wenyewe: kwamba wao si wanaoongoza ulimi. Kama anayeuongoza ni Roho au la, mashine haina uwezo wa kujibu.

Basi turudi Korintho. Paulo aliandika waraka wake akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50, kwa kanisa la mji wa biashara wenye bandari mbili, ambako waumini walikuwa wamegawanyika makundi, wanashitakiana mahakamani, na matajiri wanakula chakula cha Bwana wakashiba kabla maskini hawajafika. Katika kanisa la namna hiyo kunena kulikuwa kumegeuka cheo. Paulo hakukataza. Anasema waziwazi kwamba yeye ananena kuliko wao wote, na anaonya mtu asiwazuie wengine. Lakini katika kusanyiko anapendelea maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka, na anaweka utaratibu usio na utata: wanene wawili, wakizidi sana watatu, mmoja baada ya mwingine, na awepo wa kufasiri. Asipokuwapo, mnenaji anyamaze kanisani, aseme na Mungu kimoyomoyo. Sababu anayoitoa inamhusu mgeni: akiingia akawakuta wote wananena kwa pamoja, atadhani wamerukwa na akili.

Utaratibu huo ndio uliopotea kwetu. Yapo makanisa ambako mamia wananena kwa mpigo mmoja, vipaza sauti vimefunguliwa mpaka mwisho, na hakuna anayeuliza mfasiri yuko wapi. Wachungaji wa Kipentekoste wana jibu: hayo ni maombi ya mtu binafsi, na agizo la mfasiri linahusu ujumbe unaotolewa kwa kanisa zima. Jibu hilo lina uzito kwa mtu aliye chumbani mwake. Linapungua uzito pale anayenena anaposhika kipaza sauti mbele ya umati. Na lipo jambo baya zaidi: kijana aliyeokoka juzi anaambiwa arudie neno moja upesi upesi hadi ulimi uteleze, kisha anatangazwa kuwa amepokea. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa kwaya, na kuiita karama ni kumdanganya mtoto wa watu.

Ubaya wa kinyume chake nao upo. Mwaka 1927, katika misheni ya Marafiki (Quakers) huko Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mahubiri ya Arthur Chilson yaliwasha uamsho. Watu wakaungama dhambi na kunena kwa lugha. Viongozi wakaogopa, wakawatenga. Hao waliotengwa ndio waliounda kanisa lao la Roho, ambalo lipo hadi leo. Kuzima kila sauti hakukuleta umoja. Kulizaa dhehebu jingine.

Lakini wanenaji hawakuzaa ubishi tu. Wapentekoste wa Sweden waliingia Kivu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1921. Kanisa lililotokana na kazi yao, CEPAC, ndilo lililo nyuma ya hospitali ya Panzi mjini Bukavu, alikotibu Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018. Paulo aliposema karama zinatolewa kwa faida ya wote, bila shaka wodi za Panzi zimo katika hesabu hiyo.

Msomaji anayesali katika kanisa la kunena asiache kunena kwa sababu ya makala haya, wala asiyenena asijione yatima. Awaulize wazee wa kanisa lake swali moja kabla ya mkesha ujao: nani hapa ana karama ya kufasiri? Kama hakuna, basi vipaza sauti vizimwe wakati wa kunena, kama Paulo alivyoagiza kwa mnenaji asiye na mfasiri. Sehemu ya nne itahusu karama ya uponyaji, na madai ya wale wanaowashauri wagonjwa waache dawa.