Kasuku Anapotaga

Ndugu mkulima, leo tuwaache kuku kidogo. Huenda una kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, naye amekaa peke yake tunduni miaka mingi. Asubuhi moja unakuta yai. Usishangae, wala usiulize dume limepitia wapi. Jike hutaga hata bila dume, kama kuku tu, ila mayai hayo hayana mbegu na hayataanguliwa.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nimo. Tumezoea kuku: unaokota yai leo, kesho anataga jingine, na hiyo ndiyo faida yetu. Niliwahi kumshauri mama mmoja afanye vivyo hivyo kwa kasuku wake. Ndege akataga, akataga, akaishiwa nguvu, mwisho akafa na yai tumboni.

Sababu ni hii. Ganda la yai hujengwa kwa madini ya chokaa kutoka mwilini mwa ndege. Kasuku hutaga mayai 2 hadi 5, akipisha siku mbili tatu kati ya yai na yai, kisha huatamia siku 28 hadi 30 hivi. Ukimnyang'anya mayai, anataga mengine kujaza pengo. Chokaa ikipungua anatetemeka, pengine anashikwa na kifafa, na yai hukwama.

Kwa hiyo mwachie mayai yake. Ayalalie mpaka ayachoke mwenyewe, ndipo uyatoe. Chemsha maganda ya mayai ya kuku, yakaushe, yasage, umchanganyie chakulani. Mpe na sukuma wiki. Alizeti peke yake haifai, chokaa yake ni haba. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake! Mtoe nje apate jua la asubuhi, lakini awe na kivuli.

Akishamaliza, ondoa maboksi na matambara anayoyafanya kiota, na funika tundu mapema jioni. Ukimpapasa, iwe kichwani tu. Mgongoni humtia hamu ya kutaga tena.

Sasa sikiliza vizuri. Ukimkuta amekaa chini ya tundu, manyoya yamevimba, anajikamua na mkia unapanda na kushuka, yai limekwama. Usimminye tumbo wala usilivunje yai hilo. Mweke mahali penye joto na kimya, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akilala hivyo hadi kesho, huenda usimkute hai.