Kenya na Tanzania: Miaka ya Mpaka Uliofungwa

Mpaka wa Kenya na Tanzania, unaoanzia Ziwa Victoria na kufika baharini karibu na Vanga, ulifungwa Februari 1977 na kukaa hivyo hadi Novemba 1983. Nchi hizi mbili hazijawahi kupigana vita. Zilikuwa na reli moja, posta moja na shirika moja la ndege, na ushirika huohuo ndio uliozaa uhasama. Suala la nani ananufaika zaidi na mali ya wote liliachwa na wakoloni bila jibu, na serikali huru zikalirithi.

Chini ya Waingereza, viwanda, benki na makampuni makubwa yalijikusanya Nairobi, huku Tanganyika na Uganda zikibaki masoko ya bidhaa kutoka huko. Juni 1963 Nyerere wa Tanganyika, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha, lakini halikuundwa. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yaliyolenga kugawana viwanda vipya yalikwama kwa kuwa Kenya haikuyaridhia, na mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa sarafu yake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ulijaribu kuweka mizani sawa. Makao makuu yalipelekwa Arusha, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na ya reli na ndege yakabaki Nairobi. Nchi zenye viwanda vichache ziliruhusiwa pia kutoza ushuru maalumu bidhaa za wenzao.

Miezi minne kabla ya mkataba huo, Tanzania ilikuwa imepitisha Azimio la Arusha na kutaifisha benki na makampuni makubwa. Kenya ilishika njia ya soko na mitaji ya nje. Magazeti na wanasiasa wa pande zote wakaanza kurushiana maneno. Dar es Salaam, mabepari wa Kenya waliitwa manyang'au, na nchi yao ikaelezwa kuwa ni ya mtu kumla mtu. Nairobi wakajibu kwamba kwa Watanzania hakuna hata cha kula. Kejeli hizo ziliwafanya wengi waamini kwamba ugomvi ulikuwa wa itikadi peke yake. Ukweli ni kwamba itikadi ilikoleza ugomvi ambao kiini chake kilikuwa mapato.

Pigo la kwanza kwa Jumuiya lilitoka Uganda. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Mamlaka ya marais watatu, chombo cha juu kabisa cha maamuzi, hayakukutana tena. Mashirika ya pamoja yakakosa wa kuyaamulia, huku kila nchi ikianza kuzuia fedha zilizopaswa kupelekwa makao makuu ya mashirika hayo. Reli ikagawanyika kivitendo kabla ya kugawanywa kwa sheria. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililolemewa na madeni, lilisimama mwanzoni mwa 1977, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Tanzania ilijibu kwa kufunga mpaka na kuzuia magari na ndege ndogo za kampuni za utalii za Kenya zilizokuwa ndani ya nchi.

Utalii ulichaguliwa kwa makusudi. Wageni wengi waliokwenda Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro walishukia Nairobi, wakalala huko na kukodi magari huko, na sehemu kubwa ya fedha zao ikabaki huko. Tanzania ilitaka waje moja kwa moja kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971. Matarajio hayo hayakutimia, kwani watalii walipungua. Kenya nayo ilipoteza soko la Tanzania pamoja na njia ya barabara ya kupeleka bidhaa Zambia. Mzigo mzito zaidi uliwaangukia wasiokuwa na kauli katika ugomvi huo: wachuuzi wa Namanga, Taveta na Sirari, na Wamaasai, Wakuria na Wadigo wenye ndugu pande zote mbili. Biashara yao ya siku zote ikaitwa magendo.

Upatanishi ulikabidhiwa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, mwishoni mwa 1977. Kazi yake ya kuhesabu mali na madeni ilichukua miaka mingi, na katikati yake Kenyatta alifariki, Moi akamrithi, na Tanzania ikaingia katika vita vya Kagera dhidi ya Amin. Moi na Nyerere walisogezwa karibu na hofu iliyowapata wote wawili. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 nchini Kenya, kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya jeshi, nao watuhumiwa wa njama dhidi ya Nyerere wakatorokea Kenya. Mwaka 1983 kila upande ulimrudishia mwenzake wakimbizi wake. Novemba mwaka huohuo Moi, Nyerere na Obote, aliyekuwa amerejea madarakani Uganda, walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Makubaliano ya kugawana mali yalitiwa saini hapohapo Arusha Mei 1984.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999, ulioanza kutumika Julai 2000. Mivutano imeendelea ndani yake. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya. Mwaka 2020 ilizuia ndege za Kenya Airways wakati wa mvutano wa korona. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Januari 2024 ndege za Kenya Airways zilitishiwa tena, safari hii kwa sababu ya haki za kubeba mizigo. Tofauti na 1977, mivutano hii huishia kwenye vikao vya mawaziri au ziara za marais, kama ile ya Rais Samia mjini Nairobi Mei 2021. Suala la utalii ndilo lililobaki karibu pale lilipoachwa: lango la Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, halijafunguliwa tena kwa watalii.