Kwa nini kifuniko cha rimoti hukatika mapema

Rimoti nyingi za runinga huishia kufungwa kwa mpira ili betri zisianguke, yote kwa sababu ya kijino kimoja cha plastiki kilichokatika. Lawama hutupiwa watoto, ilhali kosa aghalabu limo katika mchoro.

Kijino hicho hupinda kifuniko kinaposukumwa, kisha hurejea na kunasa. Kikiwa kifupi na kinene, plastiki hunyooshwa kupita uwezo wake. Urefu ukiongezwa mara 2, huku unene na kiasi cha kupinda vikibaki vilevile, mnyooko huo hupungua hadi robo. Shina lake nalo sharti liviringwe, kwani ufa huanzia penye pembe kali.

Programu za usanifu kama SolidWorks humchorea mhandisi kijino pindi anapotaja vipimo. Hata hivyo, kompyuta huchora pia kisichofaa. Isitoshe, ncha inayonasa huizuia plastiki kutoka katika kalibu. Ama kalibu iongezewe kipande kinachoteleza, jambo lenye gharama, ama tundu liachwe mkabala wa ncha. Ndiyo asili ya vitundu vingi vinavyodhaniwa kuwa havina kazi.