Fundi wa Ndege Huanzia Darasani

Ni jambo lisilopingika kwamba wanafunzi wengi wenye kipaji cha ufundi hutamani siku moja kuhudumia ndege. Nikiwa mwalimu wa Fizikia hapa Kabati, Kitui, nimeulizwa mara nyingi: je, vyuo vya ufundi wa ndege vinamtaka mtu wa namna gani?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililodumu tangu 1946 hadi 1977, lilitumia ndege za madini, na sifa ya fundi ilikuwa wepesi wa mkono na ukali wa jicho. Leo jicho pekee halitoshi. Mwaka 2014 Kenya Airways ilipokea Boeing 787, ndege ambayo takriban nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi maalumu. Athari ya pigo katika nyuzi hizo yaweza kujificha ndani, nje pakabaki laini. Ndiyo sababu vyuo hufunza pia kompyuta, usomaji makini wa maagizo, na udhaifu wa binadamu: uchovu, pupa na woga wa kumkosoa mkubwa.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ukizibwa vibaya, je? Mwaka 1978 ndege ya Japan Airlines iligonga mkia chini ilipotua. Katika kuitengeneza, mahali palipostahili safu mbili za ribiti kubeba mzigo, safu moja tu ndiyo iliyoubeba. Kazi ilipitishwa, na ndege ikaruka miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta huo ulipasuka angani. Watu 520 wakafa.

Kwa maoni yangu, jukumu kuu la vyuo hivyo sasa ni kumlea mtu atakayekataa kutia sahihi kazi asiyoiamini. Gari likiharibika hapa Kabati, dereva huegesha kando ya barabara. Angani hakuna kando.

Hata hivyo, chuo hakiwezi kujenga uaminifu juu ya msingi tuliouharibu sisi. Mwanafunzi anaponakili matokeo ya jaribio asilolifanya maabarani, nasi tukamtilia alama ya vyema, tumemfunza kwamba karatasi yaweza kusema uongo bila madhara. Walimu wenzangu, tuwadai wanafunzi matokeo ya kweli, hata yakiwa mabaya.